Al-Khalil bin Ahmad, Aliyezihesabu Herufi

Ndugu msomaji, ukifungua msahafu leo baada ya futari, hebu tazama zile alama juu na chini ya herufi: fat-ha, kasra, dhamma, shadda. Zamani irabu zilikuwa vitone tu vya rangi. Aliyeleta alama za namna hii ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd lenye asili ya Oman, aliyezaliwa karibu mwaka 718 (100 Hijria) na kukulia Basra, Iraq. Sibawayhi, yule imamu wa nahau anayewatoa jasho wanafunzi wa madrasa, alikuwa mwanafunzi wake. Elimu ya arudhi, yaani vipimo vya mashairi, naye ndiye aliyeipanga kwa bahari 15.

Lakini mimi kilichonishangaza zaidi ni kamusi yake, Kitab al-Ayn. Zama zile wanazuoni walikusanya maneno kwa mafungu: ya ngamia, ya farasi, ya mimea. Sasa utajuaje kwamba hakuna neno lililosahauliwa? Na hii ni lugha ya Qur'ani, watu wa mataifa mengine wanaingia dini kila siku. Al-Khalil akaigeuza kazi. Akaanza na maneno yote yanayowezekana, ndipo akauliza Waarabu wanatumia yapi.

Herufi ni 28. Ukitaka mzizi wa herufi tatu bila kurudia, ya kwanza una nafasi 28, ya pili 27, ya tatu 26. Zidisha: 19,656. Hesabu inayonasibishwa kwake inafika mpaka mizizi ya herufi tano, 11,793,600. Si mchezo!

Kumbe kuna njia ya kupunguza mzigo. Chukua ayn, lam na mim. Ukizipanga unapata elimu (ayn-lam-mim), amali (ayn-mim-lam), pia lam-mim-ayn ya kung'aa. Jumla mipangilio sita, na yote ni kundi moja la herufi. Basi gawanya 19,656 kwa 6, unabaki na makundi 3,276. Hii ndiyo ile hesabu ya kuchagua watatu kati ya 28 bila kujali nani ametangulia, tunayofundishwa leo shuleni. Al-Khalil aliweka mipangilio yote ya kundi kwenye mlango mmoja, kwa hiyo elimu na amali zimekaa pamoja. Isiyotumika aliiita muhmal, iliyoachwa. Akaanzia herufi za kooni na kumalizia midomoni, ndiyo maana kitabu kikaitwa kwa jina la ayn.

Inasimuliwa kwamba aliishi katika kibanda cha matete pale Basra, hana hata senti mbili, huku wanafunzi wake wakichuma mali kwa elimu yake. Liwali mmoja alimwita akamfundishie mwanawe. Akamwonyesha mjumbe mkate mkavu, kwamba huo unamtosha.

Kamusi hakuiona imekamilika. Wengi wanasema aliyeimalizia ni mwanafunzi wake al-Layth. Mwenyewe alifariki Basra kati ya mwaka 786 na 791. Wapokezi wanasema alikuwa akitafuta njia ya hesabu nyepesi, ili hata kijakazi akienda dukani asipunjwe na muuzaji. Akaingia msikitini, akili yote iko kwenye hesabu, akajigonga kwenye nguzo. Hakuinuka tena. Allah amrehemu.