Martinus Beijerinck: Mholanzi aliyewapa kazi wadudu wasioonekana

Jioni baada ya kupiga dawa shambani, mkulima husuuza bomba lake. Maji yale ya suuza huenda wapi? Yakimwagwa mtoni au karibu na kisima, sumu iliyokusudiwa wadudu humfikia samaki, ng'ombe na mtoto. Njia mojawapo ya kuyasafisha hutegemea viumbe wadogo wa udongoni. Msikilizaji, leo tunamkumbuka mtu aliyeonyesha namna ya kuwapata viumbe hao.

Martinus Willem Beijerinck alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, lakini biashara ikafilisika na familia ikaishi kwa shida. Hata hivyo kijana alisoma. Alimaliza masomo ya kemia mjini Delft mwaka 1872, akapata shahada ya udaktari Leiden mwaka 1877, kisha akafundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen.

Mwaka 1885 aliajiriwa na kiwanda cha hamira na pombe kali huko Delft, akiongoza maabara yao. Hakuzama katika hamira peke yake. Mwaka 1888 aliwatenga bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Ng'oa shina la maharage uvione: ndani yake bakteria huchukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mmea. Ndiyo maana mahindi hustawi vizuri yakipandwa baada ya maharage.

Mwaka 1895 alifanywa profesa Delft. Miaka 3 baadaye alirudi kwenye tumbaku, zao lililomfilisi baba yake. Alichukua utomvu wa majani yenye ugonjwa wa mabaka, akauchuja kwa kichujio cha kaure kinachozuia bakteria, na bado utomvu ule ukaambukiza mimea mizima. Akasema kisababishi si bakteria, ni kitu kingine kinachoongezeka ndani ya mmea ulio hai. Akakiita virusi.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi leo ni mbinu yake ya kuwatafuta bakteria. Kijiko kimoja cha udongo kina viumbe wa aina nyingi mno, na kumtafuta mmoja ni sawa na kutafuta sindano kwenye rundo la majani. Beijerinck hakumtafuta. Alimwita kwa chakula. Alitia udongo kidogo katika maji yenye chakula cha aina moja tu. Wasioweza kukila walidhoofika, wanaokiweza wakazaliana. Kisha alihamisha tone moja kwenye maji mapya yenye chakula kilekile, akarudia tena na tena, mpaka wakabaki wenye uwezo huo tu.

Hakuwa mtu mwepesi. Hakuoa, maabara ndiyo iliyokuwa maisha yake, na wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake. Alistaafu mwaka 1921, akahamia kijiji cha Gorssel pamoja na dada zake, na huko akafariki tarehe 1 Januari 1931.

Yeye mwenyewe hakushughulika na viuatilifu vya leo. Vingi vilikuja baada yake. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti Uingereza walifuata njia kama yake kwa dawa ya magugu ya 2,4-D. Waliipitisha dawa kwenye udongo mara kwa mara. Mara ya kwanza ilikawia kuisha, mara zilizofuata ikaisha upesi zaidi, kwa sababu bakteria wanaoila walikuwa wameongezeka. Wakawatenga bakteria hao.

Wakulima wa Uswidi walianza kutumia uwezo huu katika miaka ya 1990. Pale wanapojaza na kusafisha mabomba, huchimba shimo, hutandika udongo wa mfinyanzi chini ili maji yasipenye haraka, kisha hulijaza mchanganyiko: nusu nyasi kavu za ngano, robo udongo mweusi wa kinamasi na robo udongo wa juu wa shambani. Juu huotesha majani. Mchanganyiko huishika dawa, na kuvu wanaokula zile nyasi kavu, pamoja na bakteria, huivunjavunja polepole. Nyasi zikioza na kushuka, huongezwa nyingine.

Shimo hilo si jalala. Limewekwa kwa ajili ya maji ya suuza na matone yanayomwagika, si dawa iliyobaki kwenye chupa. Wadogo hao wanahitaji hewa, unyevu na muda. Shimo likifurika maji, kazi hudorora. Tena kuna sumu wasiyoiweza kabisa. Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu: ndani yake mna shaba, na shaba ni madini. Hakuna bakteria wala kuvu awezaye kuivunja ikaisha. Hubaki udongoni ikirundikana mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza bado ni ya mkulima: pima dawa inayotosha shamba lako, suuza bomba mbali na mto na kisima, na maji ya suuza yanyunyizie ndani ya shamba lilelile ulilopiga dawa. Huko yatawakuta wadogo wa Beijerinck kazini.