Maisha ya Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo

Watu wengi hudhani ya kuwa nyimbo za furaha hutungwa na watu waliostarehe, walio na chakula ghalani na watoto wazima kando yao. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za Paul Gerhardt, ambaye nyimbo zake huimbwa na Wakristo wa lugha nyingi. Aliyeyachunguza maisha yake hawezi kuishika tena dhana hiyo.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, katika nchi ya Saksonia, Ujerumani. Si mbali na Wittenberg, mji alikofundisha Martin Luther. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, tena mmoja wa wakuu wa mji. Mama yake alikuwa wa ukoo wa wachungaji. Yatima alikuwa upesi. Baba yake alifariki mwaka 1619, na mama yake mwaka 1621. Mtoto akabaki na ndugu zake, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na minne tu. Mwaka uliofuata akapelekwa katika shule ya Grimma, iliyojulikana kwa ukali wa mafundisho yake na kwa wingi wa sala zake, akakaa huko miaka mitano. Mwanzoni mwa mwaka 1628 akaingia chuo kikuu cha Wittenberg ili asome elimu ya Neno la Mungu.

Hapa inatupasa kueleza jinsi nchi ilivyokuwa, maana asiyeijua vita ile hawezi kumfahamu Gerhardt. Mwaka 1618 vilianza vita vilivyoitwa baadaye Vita vya Miaka Thelathini. Wafalme walipigana kwa ajili ya dini, na kwa ajili ya mali na mipaka, hata mwisho ilikuwa vigumu kujua ni nani anayempigania nani. Majeshi hayakulipwa mishahara, basi askari wakala kwa raia. Waliingia kijijini wakachukua ng'ombe, wakachukua mbegu, wakachoma nyumba, wakaenda zao. Kisha likaja jeshi la upande wa pili likakitafuta kilichosazwa. Nyuma yao ilifuata njaa, na nyuma ya njaa ilifuata tauni. Kuna sehemu za Ujerumani zilizopoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Gerhardt alikuwa na miaka kumi na mmoja vita vilipoanza, naye alikuwa mtu wa makamo, mwenye miaka arobaini na mmoja, vilipokoma mwaka 1648. Ujana wake wote ulipita humo.

Mwaka 1637 askari wa Uswidi waliuteketeza mji wa Gräfenhainichen. Nyumba ya wazazi wake ikateketea pamoja nao. Mwaka ule ule kaka yake Christian alikufa kwa tauni. Yeye mwenyewe alikuwa Wittenberg, hana kanisa la kuchunga, hana mke, wala hana kwao pa kurudi.

Yapata mwaka 1643 akahamia Berlin. Mji huo siku hizo haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa umepungukiwa sana na watu kwa vita na magonjwa. Akakaa katika nyumba ya Andreas Berthold, wakili wa baraza kuu la hukumu, akiwafundisha watoto. Mtu aliyekwisha soma miaka mingi, akipita miaka thelathini na mitano, bado ni mwalimu wa watoto nyumbani mwa mwingine! Pengine majirani walimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Lakini katika miaka hiyo ndipo alipoandika nyimbo zake nyingi. Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai palikuwa na mwongozaji wa nyimbo, jina lake Johann Crüger, fundi mkubwa wa sauti. Crüger aliyatia mashairi ya Gerhardt sauti ambazo hata watu wasiojua kusoma waliweza kuzishika. Katika kitabu cha nyimbo alichokipiga chapa mwaka 1647 zilikuwamo nyimbo 18 za Gerhardt. Katika chapa ya mwaka 1653 zilikuwamo 82.

Amani ilipotangazwa mwaka 1648 Gerhardt alitunga wimbo wa shukrani. Lakini si shangwe tupu. Ndani yake anawaonyesha watu miji iliyobomoka na mashamba yaliyogeuka kuwa makaburi, akiwasihi wasisahau upesi yaliyowapata, wamgeukie Mungu. Sisi twaona ya kuwa hiyo ndiyo tabia ya nyimbo zake zote: hafichi kidonda, wala hakubali kwamba kidonda ndicho mwisho wa habari.

Wimbo wake unaojulikana kupita nyingine katika mambo ya kumtumaini Mungu umejengwa juu ya Zaburi ya 37, mstari wa 5. Una beti kumi na mbili. Ukiyasoma maneno yanayoanza kila ubeti, moja baada ya jingine, toka juu hata chini, utaupata mstari wote wa Zaburi, kama ulivyo katika tafsiri ya Luther. Basi aimbaye wimbo huo hutembea juu ya Neno la Mungu kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Juu ya wimbo huo kuna hadithi iliyoenea sana, nayo imechapwa katika vitabu vingi. Husimuliwa kwamba Gerhardt alifukuzwa Berlin usiku pamoja na mkewe, wakafika katika nyumba ya wageni, mke akilia. Naye akaenda bustanini akatunga wimbo ule ili amtulize. Na mara wakaja wajumbe wenye barua ya kumwita kazini kwingine. Hadithi ni tamu, lakini si kweli. Wimbo ulipigwa chapa mwaka 1653, naye alioa mwaka 1655, na kazi ya Berlin ilimtoka mwaka 1666. Nasi twaona ya kuwa ukweli wafaa kuliko hadithi. Mtu hakuandika maneno ya tumaini baada ya kuona mlango ukifunguka. Aliyaandika miaka kumi na mitatu kabla ya kujaribiwa, kisha ikampasa kuyaishi.

Mwaka 1651, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, alipata kanisa. Alibarikiwa kuwa mchungaji katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, akatumwa Mittenwalde, mji mdogo kusini ya Berlin, awe msimamizi wa wachungaji wa upande ule. Miaka minne baadaye alimwoa Anna Maria Berthold, binti wa wakili yule aliyemkaribisha zamani. Mtoto wao wa kwanza, Maria Elisabeth, alizaliwa Mei 1656. Januari 1657 wakamzika. Katika kanisa la Mittenwalde wazazi waliweka kibao cha ukumbusho, wakaandika juu yake yale maneno ambayo mzee Yakobo alimwambia Farao, ya kwamba siku za maisha yake zimekuwa chache na mbaya. Maneno ya mzee wa miaka mia na thelathini yakawekwa juu ya kaburi la mtoto asiyetimiza mwaka!

Mwaka 1657 aliitwa kurudi Berlin, awe mmoja wa wachungaji wa Mtakatifu Nikolai. Huko walizaliwa watoto wengine wanne. Watatu wakafa wakiwa wadogo. Akabaki mmoja tu, Paul Friedrich, aliyezaliwa mwaka 1662. Baba huyu aliyewasindikiza watu wa sharika zake makaburini alilijua njia lile kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye jaribu lake kubwa. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa wa dhehebu la Kalvini, kama jamaa yake tangu mwaka 1613. Raia wake karibu wote walikuwa Walutheri. Wachungaji wa pande mbili walishambuliana mimbarani kwa maneno makali. Mtawala alitaka amani, akawaita wajadiliane katika miaka ya 1662 na 1663, na Gerhardt alikuwa mmoja wa waliosema kwa upande wa Walutheri. Majadiliano hayakuzaa kitu. Mwaka 1664 mtawala alitoa amri ya kukataza matukano, tena akawadai wachungaji watie sahihi hati ya kuahidi kuitii.

Tusimfanye mtawala huyo kuwa Farao. Kukataza matukano kanisani si jambo baya, nasi leo twajua ya kuwa Walutheri na Wareformati wa Ulaya walipatana mwaka 1973 katika mapatano ya Leuenberg, wakashiriki meza moja. Lakini Gerhardt aliona ya kuwa kwa sahihi ile angefungwa kuyaacha maungamo ambayo aliapa kuyashika siku ya kubarikiwa kwake, hasa Kanuni ya Mapatano. Wala hakuwa mtu wa matukano. Wakuu wa mji walishuhudia ya kuwa hakulitukana dhehebu lingine mimbarani. Neno lililomshika lilikuwa ahadi iliyoandikwa, si ulimi wake.

Mwezi wa Februari 1666 aliitwa mbele ya baraza la kanisa. Akapewa siku nane za kufikiri. Akajibu ya kwamba amekwisha kufikiri, wala hatabadilika. Akaondolewa kazini.

Mji ukasikitika. Mafundi wa kila namna, pamoja na wakuu wa mji, walimwandikia mtawala mara kwa mara wakimwombea mchungaji wao. Mwisho, Januari 1667, mtawala alikubali kumrudisha pasipo kumdai sahihi. Watu wakafurahi, wengi wetu tungalipokea na kushukuru. Lakini pamoja na habari ile lilikuja neno moja zaidi: mtawala aliamini kwamba Gerhardt, hata bila ya sahihi, ataifuata amri. Neno hilo likamkosesha usingizi. Aliona ya kuwa kuingia mimbarani kwa matumaini hayo ni kutia sahihi kwa kimya. Akaogopa dhamiri iliyojeruhiwa kuliko alivyoogopa njaa, akaiacha kazi.

Walikuwako waliomwona kuwa mkaidi, na hata leo wako. Sisi hatutaki kuamua kama kila hoja yake ilikuwa ya lazima. Twaona hili tu, kwamba mtu aliyewafundisha wengine kumwachia Mungu njia zao, alikuwa na mke mgonjwa, mtoto mdogo, na umri wa miaka sitini, akauacha mshahara ambao mkono ulikuwa umekwisha kuunyosha kwake. Hakuwa na kanisa jingine lililomngoja. Aliishi kwa zawadi za washarika waliompenda.

Mwaka huo wa 1667, Johann Georg Ebeling, aliyeshika kazi ya Crüger baada ya kufa kwake, alikuwa akimalizia kuzipiga chapa nyimbo 120 za Gerhardt pamoja na sauti zake. Hivyo nyimbo zikatoka nyumba kwa nyumba, na mwenye nyimbo akakaa nyumbani. Machi 1668 Anna Maria alifariki. Paul Friedrich hakuwa ametimiza miaka sita.

Mwisho wa mwaka ule mji wa Lübben, uliokuwa nje ya mipaka ya Brandenburg, ulimchagua kuwa mchungaji. Hata hapo mambo hayakwenda upesi, kwa sababu nyumba ya mchungaji ilikuwa mbovu, na kutengenezwa kwake kulichelewa, hata akahamia katikati ya mwaka 1669. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mkewe, akamtunzia nyumba na mtoto. Akakaa Lübben miaka saba. Hatusikii tena habari za nyimbo mpya za kutajwa. Kazi yake ilikuwa kuhubiri, kubatiza na kuzika.

Nyimbo zake ziliendelea bila yeye. Johann Sebastian Bach alizitia katika Mateso ya Mathayo, yaliyoimbwa Leipzig mwaka 1727. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika sharika zilizozijua kwa moyo. Na mchungaji Dietrich Bonhoeffer, alipotiwa gerezani huko Tegel, katika Berlin ile ile, Aprili 1943, aliwaandikia wazazi wake jinsi nyimbo za Gerhardt zilivyomfaa katika chumba chake, naye alizijifunza moja moja. Aliuawa tarehe 9 Aprili 1945.

Kabla ya kufa, Gerhardt alimwandikia mwanawe maneno ya wosia. Mali ya kumwachia ilikuwa kidogo, nalo alilikiri, lakini alimwachia jina jema. Akamwagiza asome Neno la Mungu mahali linapofundishwa safi, asitende ovu akitumaini kwamba litafichika, wala asiifuate tamaa ya mali. Alifariki tarehe 27 Mei 1676, kwa hesabu ya kalenda ya zamani, mwenye umri wa miaka 69, akazikwa katika kanisa la Lübben. Humo wakaitundika picha yake, na chini yake waliandika kwa Kilatini ya kuwa alikuwa mwalimu wa Neno la Mungu aliyepepetwa katika ungo wa Shetani, wakiyakumbuka maneno ambayo Bwana Yesu alimwambia Petro usiku ule wa kutiwa mikononi mwa adui. Paul Friedrich, aliyebaki peke yake kati ya watoto watano, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.