Bakhita Hakuwa Mtakatifu wa Kunyamaza

Kila ifikapo tarehe 8 Februari, Wakatoliki humkumbuka Josephine Bakhita, mwanamke wa Darfur nchini Sudan ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu mnamo tarehe 1 Oktoba 2000. Humu nchini zipo shule na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinazoitwa kwa jina lake, na si ajabu kumsikia akitajwa mimbarini. Hata hivyo, aghalabu hutajwa kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba aliwasamehe waliomteka na kumtesa. Mhubiri akishafika hapo huwageukia akina mama na kuwausia wavumilie majumbani mwao, kwani mvumilivu hula mbivu. Mimi nayapinga mahubiri ya namna hiyo, na ushahidi wangu ni maisha ya Bakhita mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1869 katika kijiji cha Olgossa, miongoni mwa Wadaju. Jamaa zake walikuwa watu wenye nafasi, lakini nafasi hiyo haikuwakinga. Dada yake mkubwa alitekwa kwanza. Yeye naye alinyakuliwa nje ya kijiji akiwa na umri wa miaka kati ya saba na tisa, akatembezwa miguu mitupu mamia ya kilomita hadi El Obeid, na kabla ya kufika huko alikwisha kuuzwa zaidi ya mara moja. Hofu iliyompata ilikuwa kuu hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena maishani. Waliomteka wakamwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Neno letu bahati limechipuka katika shina hilo hilo. Basi fikiri, msomaji, mtoto aliyenyang'anywa mama, baba, kijiji na jina anaitwa Bahati na wale wale waliomnyang'anya!

Miongoni mwa waliommiliki alikuwa ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki. Nyumbani mwa mtu huyo Bakhita aliwatumikia mama na mke wake, na hapo ndipo alipochanjwa chale. Nasema chale kwa kukosa neno jingine, maana chale za kwetu zilikuwa na sababu zake, ziwe za tiba au za urembo, na aliyechanjwa alikuwa mwana wa watu. Zake zilikuwa alama za mali. Mwili ulichorwa kwa unga mweupe, ukakatwa kwa wembe kufuata michoro hiyo, kisha vidonda vikajazwa chumvi ili makovu yasipotee. Alichanjwa michoro 114, kifuani, tumboni na mkononi. Alikuwa bado msichana mdogo.

Mwaka wa 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, makamu wa balozi mdogo wa Italia. Huyu hakumpiga. Vita vya Mahdi vilipoukaribia mji, Legnani aliamua kurudi kwao, na Bakhita akamsihi amchukue. Walisafiri pamoja na rafiki yake, Augusto Michieli, wakapitia Suakin kwenye Bahari ya Sham, na mwaka wa 1885 wakafika Genoa. Msomaji angetarajia kwamba utumwa ungeishia hapo. Haukuishia. Mkewe Michieli, Bibi Turina, alikuja kumlaki mumewe, akamtamani yule binti, na Legnani akampa kama mtu anavyotoa zawadi ya kitambaa. Bakhita akawa yaya wa Mimmina, mtoto wa akina Michieli aliyezaliwa mwaka wa 1886, katika jumba lao kule Zianigo, si mbali na Venice.

Imani ilimjia kwa njia ndogo ndogo. Msimamizi wa mashamba ya familia hiyo, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha, naye akauficha na kuutazama akiwa peke yake, kwa kuwa hakuwa amewahi kuwa na kitu cha kukiita chake. Mwaka wa 1888 Bibi Turina alipokwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli, Bakhita na Mimmina waliachwa chini ya ulinzi wa Masista wa Canossa mjini Venice. Masista hao walimfundisha katekisimu. Alijifunza kwamba yule Muumba ambaye alikuwa akimhisi tangu utotoni, alipotazama jua na mwezi na kujiuliza mwenye vitu hivyo ni nani, alikuwa akimjua yeye na kumpenda.

Hapa lugha yetu hutusaidia, na papo hapo hututatiza. Sisi humwita Mungu Bwana, na neno hilo hilo tumelitumia kwa mwenye watumwa na kwa mume. Bakhita naye alikuwa na neno la namna hiyo. Katika lahaja ya Venice aliyojifunza, alimwita Mungu Paron, yaani bwana mwenye nyumba na mali. Wapo wanaoona aibu hapo, kwamba mtumwa alibadilisha bwana mmoja kwa mwingine. Mimi naona kinyume chake. Alikuwa amewajua mabwana wengi, na hakuna kati yao aliyekuwa juu ya mwingine ila kwa fimbo na fedha. Sasa alisikia habari za Bwana aliye juu yao wote, ambaye isitoshe alipigwa mijeledi yeye mwenyewe na kuangikwa kama mtumwa. Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliliona hilo, akamtaja Bakhita katika waraka wake wa mwaka wa 2007 kuhusu matumaini. Ikiwa Bwana mkuu ndiye mwenye kukumiliki, basi hati za mabwana wadogo ni karatasi tupu.

Naam, na hilo halikubaki nadharia. Mwaka wa 1889 Bibi Turina alirudi Venice kuwachukua mwanawe na yaya wake ili wahamie Suakin. Bakhita akakataa. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu mahubiri mengi huruka mahali hapa. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini, hakuwa na jamaa hata mmoja katika bara lote la Ulaya, wala hakuwa na fedha. Alishutumiwa kuwa hana shukrani. Kubaki kulimaanisha kutengana na Mimmina, aliyempenda kwa dhati. Bibi hakukubali kushindwa, na shauri likafika kwa Patriaki wa Venice, Kardinali Domenico Agostini, na kwa mwendesha mashtaka wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, na kwa hiyo Bakhita ni mtu huru awezaye kuamua mwenyewe. Akaamua kubaki. Mimmina aliondoka akilia.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akapewa kipaimara na Komunyo siku hiyo hiyo. Aliitwa Josephine Margaret, na jina jingine likaongezwa, Fortunata, ambalo ni Bakhita kwa Kilatini. Jina la watekaji halikutupwa, ila lilipitishwa majini likawa lake. Tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri za utawa.

Kuanzia mwaka wa 1902 aliishi katika nyumba ya masista mjini Schio. Alipika, alidarizi, alitunza sakristia, na hatimaye akawa bawabu. Watu wa mji walimwita Madre Moretta, mama mtawa mweusi, na wengine walikuja kumkodolea macho tu. Hadithi ya maisha yake ilichapishwa mwaka wa 1931, na baada ya hapo alizungushwa Italia nzima kuzungumza mbele ya makundi ya watu ili misheni zipate msaada. Hakuupenda umaarufu huo. Nami siachi kukumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo, mwaka wa 1935, Italia iliivamia Ethiopia. Mwafrika aliyeokolewa alikuwa picha iliyowafaa watu wa kila aina, na si wote walioitumia kwa nia aliyokuwa nayo yeye.

Ni katika uzee huo, akiwa mtu huru mwenye nadhiri zake, ndipo aliposema kwamba angewapigia magoti waliomteka na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila wao asingelifikia Ukristo. Maneno hayo ni mazito, wala sidai kwamba naweza kuyasema mimi. Lakini yanapangwa wapi katika maisha yake? Yalikuja baada ya lile kataa la Venice. Msamaha wake ulitolewa kutoka upande wa pili wa mlango, na yeye ndiye aliyeufunga mlango huo. Mwanamke anayepigwa usiku huu hajafika huko, na anayemtolea mfano wa Bakhita ili arudi ndani anamtolea nusu ya mfano. Vivyo hivyo kwa binti zetu wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, ambao baadhi yao hunyang'anywa pasipoti wafikapo. Tangu mwaka wa 2015 Kanisa Katoliki limeifanya sikukuu ya Bakhita kuwa siku ya kuombea waathiriwa wa biashara haramu ya binadamu, na nadhani binti hao wana haki ya kusimuliwa habari za mwaka wa 1889 kabla ya zile za kubusu mikono.

Wala imani haikufuta yaliyopita. Katika siku zake za mwisho, ugonjwa ulipomzidi, fahamu zake zilirudi kwenye njia ya El Obeid, miaka 57 baada ya uamuzi wa Venice. Alimwomba mtawa aliyekuwa akimuuguza amlegezee minyororo, kwa maana ilikuwa mizito. Alifariki Schio tarehe 8 Februari 1947, na kwa siku tatu watu wa mji walipita mbele ya mwili wake kumuaga.