Mwana wa Bawabu



Neno bawabu mnalijua: ni mtu anayekaa mlangoni, analinda na kuwafungulia wageni. Baadhi ya wazazi wa skuli yetu wanafanya kazi hiyo, na mimi nikiingia zamu ya usiku hospitalini, wa kwanza kunisalimu ni bawabu. Leo nawaletea maisha ya mtoto wa bawabu mmoja wa Baghdad. Alipewa jina la Ali, lakini dunia inamjua kwa kazi ya baba yake: Ibn al-Bawwab, mwana wa bawabu. Katika mji uliojaa mawaziri na makadhi, sidhani jina hilo lilikuwa la kumtukuza.

Alianza maisha kwa kupaka rangi na kunakshi nyumba. Kutoka kuta akahamia kunakshi vitabu, na kutoka hapo akashika kalamu ya mwanzi. Alihifadhi Qurani, akasoma fiqhi, akatoa mawaidha msikitini. Lakini kilichomfanya akumbukwe ni mwandiko wake.

Kabla yake alikuwepo Ibn Muqla, waziri wa makhalifa watatu, aliyefariki mwaka 940. Siasa zilimgeuka, akafungwa, akakatwa mkono wa kulia. Inasimuliwa kwamba alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Mimi nimehudumia wagonjwa waliokatwa mikono, na ninajua kuwa hata kufunga kifungo cha shati ni kazi ya siku nyingi. Alifia gerezani.

Ibn Muqla aliacha kanuni ya kupima herufi. Watoto, ijaribuni nyumbani. Chukueni kalamu yenye ncha bapa, bonyezeni mara moja kwa kuinamisha, mtapata nukta yenye pembe nne. Pangeni nukta saba kwenda juu, hapo mna urefu wa alifu katika aina moja ya mwandiko. Aina nyingine huhitaji chache zaidi. Alifu hiyo ikishapatikana, herufi nyingine zote hupimwa kwayo. Tunaposema alifu kwa kijiti, basi kijiti chenyewe kina kipimo.

Ali alijifunza kanuni hiyo kwa walimu walioirithi kwa Ibn Muqla. Wajuzi wanasema herufi za Ibn Muqla zilikuwa sahihi, na za Ali zikawa sahihi na laini pia.

Sasa kisa ninachokipenda zaidi. Ali aliwekwa kusimamia maktaba ya mfalme Baha al-Dawla mjini Shiraz, Uajemi. Siku moja, katikati ya vitabu vilivyochanganyika, aliona juzuu ya Qurani kwa mkono wa Ibn Muqla. Akatafuta rafu kwa rafu mpaka akapata juzuu 29. Moja haikuonekana kabisa. Mfalme akasikitika. Ali akamwambia kwamba yeye ataiandika iliyopotea, na mfalme asipoweza kuitambua, ampe dinari 100 na joho la heshima. Wakakubaliana.

Ali akachagua karatasi kuukuu zinazofanana na zile za zamani. Akaandika, akanakshi, akaifanya dhahabu yake ionekane imechakaa. Kisha akavua jalada la juzuu moja ya kweli akaivika ile yake, na ile ya kweli akaitengenezea jalada jipya lililofanywa lionekane kuukuu. Mfalme akasahau. Karibu mwaka mzima ukapita ndipo akakumbuka na kuuliza. Akaletewa juzuu zote 30, akazipindua moja moja, asiweze kujua ipi ni ya Ali.

Dinari 100 hazikutoka, wala joho. Ali alipoona ahadi inacheleweshwa, aliomba badala yake mabaki ya karatasi za Kichina yaliyokuwa maktabani. Akapewa, na kwa miaka mingi akawa anaandikia karatasi hizo. Wazazi mliowahi kusubiri mshahara uliochelewa mtamwelewa. Yeye alichukua kile ambacho kingempa kazi.

Hakufa tajiri. Watu wa wakati wake walimcheka kwa ndevu zake ndefu. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuandika barua ya mistari kama 70, kuomba kitu kisichofika thamani ya dinari mbili. Baada ya kufa kwake barua hiyo iliuzwa dinari 17, kisha ikauzwa tena dinari 25. Alifariki Baghdad mwaka 1022, akazikwa karibu na kaburi la Imamu Ahmad bin Hanbal.

Wanasema aliandika misahafu 64. Unaojulikana leo ni mmoja, na uko Dublin, katika makumbusho ya Chester Beatty kwenye viwanja vya ngome ya Dublin. Kuingia ni bure. Maandishi ya kale huharibiwa na mwanga, kwa hiyo ulizeni kabla ya kusafiri kama umewekwa nje.

Msitarajie kitabu kikubwa. Ni kidogo, mtu mzima anaweza kukishika kwa mkono mmoja. Umeandikwa kwa mwandiko wa naskhi, jamaa wa mwandiko wa misahafu yetu ya nyumbani, kwa hiyo watoto wa darasa la tatu mtaweza kuusoma, ingawa una zaidi ya miaka 1,000. Nakshi zake ni za Ali mwenyewe. Kurasa za mwanzo zimetaja hesabu: sura 114, aya 6,236, kisha maneno, herufi, na hata nukta, ambazo ni zaidi ya laki moja na nusu.

Mwishoni ameweka saini. Ameandika kwamba ni Ali bin Hilal, katika Mji wa Amani, yaani Baghdad, mwaka 391 wa Hijria. Huyo Hilal ndiye bawabu.