Edison, mtoto wa treni aliyeitafutia shaba kazi

Anayekaa Kamina anawajua watoto wa gare. Treni ikisimama tu, wanakuja mbio na mabeseni ya karanga na ndizi, wanapita dirisha kwa dirisha mpaka treni iondoke. Thomas Alva Edison, yule ambaye jina lake linatajwa kila mara watu wakizungumzia taa ya umeme, alianza hivyo hivyo.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Shule hakukaa. Baada ya miezi michache mwalimu alimwona kama mtoto mzito wa akili, na mama yake Nancy, ambaye mwenyewe aliwahi kufundisha, akamtoa na kumsomesha nyumbani. Familia ilikuwa imehamia Port Huron, na akiwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni ya kwenda Detroit. Kwenye behewa la mizigo aliweka mashine ndogo ya kuchapia gazeti lake mwenyewe, pamoja na chupa za dawa za kemia. Siku moja dawa zikawaka moto, na kondakta akamtoa nje yeye na vitu vyake vyote. Masikio nayo yalianza kuharibika angali mtoto. Maisha yake yote alisikia kwa shida.

Umeme aliujua kwa sababu ya reli. Mwaka 1862, kwenye gare ya Mount Clemens, alimvuta mtoto wa mkubwa wa gare aliyekuwa akicheza njiani behewa likija. Baba wa mtoto, kwa kushukuru, akamfundisha kazi ya telegrafu.

Mwaka 1876 alifungua nyumba ya utafiti kule Menlo Park, karibu na New York. Mwaka uliofuata akatoa fonografu, mashine ya kushika sauti na kuirudisha, jambo ambalo watu wa radio hawawezi kulipita bila kulitaja. Halafu akageukia taa.

Watu wengi wanaamini kwamba aliamka siku moja akavumbua ampuli peke yake. Si kweli. Taa kali za umeme zilikuwa zinawaka tayari kwenye barabara za miji mikubwa, na Uingereza Joseph Swan alikuwa na ampuli yake. Menlo Park nako kulikuwa na mafundi wengi waliokesha kazini. Oktoba 1879 walichukua uzi wa pamba, wakauchoma mpaka ukawa kama makala, wakauweka ndani ya kioo kilichotolewa hewa. Uliwaka zaidi ya saa 13. Baadaye wakapata mwanzi wa Japani, ambao ulidumu zaidi ya saa 1,000.

Kitu ambacho Edison aliwashinda nacho wengine ni hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya shaba. Ampuli yenye uzi mnene inakunywa mkondo mwingi, na mkondo mwingi unataka waya mnene. Kuwasha mtaa mzima kwa waya wa namna ile kungekula shaba ya bei isiyolipika. Ndiyo maana alitafuta uzi mwembamba sana, unaokataa mkondo mwingi kupita, ili waya nao uwe mwembamba. Hata hivyo, mwaka 1883 alikuwa bado anapunguza: alipanga nyaya tatu kwa namna iliyookoa zaidi ya nusu ya shaba.

Tarehe 4 Septemba 1882 mtambo wake wa Pearl Street, New York, uliwasha taa takriban 400. Kabla ya hapo nyumba za mjini zilitumia gesi au mafuta: hewa inachafuka, dari inakuwa nyeusi, na moto ukidondoka nyumba inaungua. Sasa mtoto aliweza kusoma bila moshi machoni, na fundi cherehani aliona tundu la sindano usiku. Lakini viwanda navyo viliona faida yao. Jua likizama mashine haikuwa na sababu ya kusimama, na mfanyakazi akapewa zamu ya usiku.

Jina moja husahauliwa hapa: Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitoroka utumwa. Mwaka 1882 alipata hati ya namna bora ya kutengeneza nyuzi za makala za ampuli, akifanya kazi kwa mshindani wa Edison. Miaka miwili baadaye akaingia kwa Edison mwenyewe.

Edison alikosea vilevile, na vibaya. Mkondo wake ulikuwa ule wa kwenda upande mmoja, ambao wakati ule haukufika mbali. Westinghouse na Tesla walileta mkondo wa kupishana, unaosafiri kilomita nyingi. Badala ya kukubali, upande wa Edison uliwatisha watu: mwaka 1888 mbwa, ndama na farasi waliuawa kwa umeme katika nyumba yake ya utafiti ili mkondo wa wenzao uonekane wa kifo. Alishindwa. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, jina lake likaondolewa.

Wakati huo dunia nzima ilikuwa inatafuta shaba ya nyaya. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Reli ya kwenda Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, ilipomalizika mwaka 1928, shaba ilipita hapa hapa Kamina ikielekea baharini. Mwaka 1930 maji ya Lufira yalianza kuzungusha mtambo wa Mwadingusha, na umeme wake ukaenda kwenye viwanda vya shaba vya Likasi.

Edison alikufa tarehe 18 Oktoba 1931. Siku alipozikwa, saa nne usiku, Wamarekani waliombwa kuzima taa kwa dakika moja. Kukata umeme wote kulionekana ni hatari, watu walikuwa wameshautegemea mno.

Mkondo wake ulioshindwa ulirudi Kongo. Laini ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyowashwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi, inabeba mkondo wa upande mmoja, kwa sababu mitambo mipya iliufanya uweze kufika mbali. Wanaokaa chini ya nguzo zake huuliza kwa nini courant inawapita juu ya kichwa. Sababu moja ni hii: mkondo wa namna ile hauchotwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Unataka kituo kikubwa cha kuugeuza, na vituo vilijengwa viwili tu, kimoja Inga na kingine Kolwezi.