Askofu Livinhac na Mgeni wa Bukumbi

Léon Livinhac alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Buzeins, nchi ya Ufaransa. Aliingia katika shirika la Mapadre Weupe, na mwaka 1878 akawekwa kuwa mkuu wa msafara wao wa kwanza wa kwenda ziwa la Nyanza. Wakatoka Bagamoyo kwa miguu, na mwisho wa mwaka ule wakafika kusini ya ziwa, wamechoka kwa homa na kwa hongo walizotozwa njiani. Wenzake wawili wakatangulia kuvuka kwa mtumbwi, naye akangoja katika nchi ya Wasukuma. Kisha Mutesa, mfalme wa Buganda, akapeleka mitumbwi kuwachukua, akawapa ng'ombe na mahali pa kujenga. Hivyo Livinhac alijua ugeni kabla hajawa mwenyeji wa mtu yeyote.

Walakini Buganda hakukuwa na amani. Mwaka 1882 mapadre wakaondoka, wakavuka tena ziwa, wakajenga Kamoga katika nchi ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Mwaka 1884 Livinhac akapewa uaskofu, na mwaka uleule Mutesa akafa. Mwanawe Mwanga, aliyekuwa akiwazuru mapadre zamani za ujana wake, akawaita warudi. Lakini urafiki ule haukudumu. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi Wakristo wakachomwa moto Namugongo kwa amri yake, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa mapadre.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Septemba 1888 watu wa Mwanga wakamwondoa katika ufalme. Mwezi uliofuata mapadre nao wakafukuzwa, wakatiwa katika mashua moja na wamisioni wawili Waingereza. Njiani kiboko akaipasua mashua, na baadhi ya watoto waliokuwamo wakazama. Waliosalia wakafika Bukumbi hawana kitu. Wale Waingereza walikuwa wa kanisa jingine, na huko Buganda makanisa hayo mawili yalishindana sana mbele ya mfalme. Hata hivyo walipokewa, wakalishwa, wakapumzika, ndipo wakaenda kwa wenzao Usambiro.

Na Mwanga je? Yeye alikuwa amekimbilia Magu, mashariki ya Igoma kando ya ziwa, kwa Waarabu wafanya biashara. Huko akanyang'anywa mali yake, akawa kama mfungwa. Basi akaomba kupokewa Bukumbi.

Neno hili halikuwa jepesi. Padre Lourdel, aliyewabatiza wengi wa waliouawa, alikuwa amefukuzwa pamoja na Askofu. Tena kulikuwako Waganda Wakristo waliokimbilia kusini ya ziwa, ambao ndugu na rafiki zao walikuwa majivu kwa amri ya mtu huyu. Kumfungia mlango kusingekuwa ajabu, na wala hakuna mtu angewalaumu. Tena kumpokea kulikuwa na hatari, maana adui zake walikuwa na bunduki.

Askofu na mapadre wake wakampokea. Wakampa mahali pa kulala na chakula, yeye na watu wachache waliosalia naye. Hawakumlipiza kisasi, bali walimpa heshima ya mfalme, ingawa hakuwa na ufalme. Wasemao kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu wangalishangaa, kwa kuwa huyu alikaa miezi. Akaanza na kusikiliza mafundisho ya dini, yaleyale aliyowaulia watu.

Mwaka 1889 Mwanga akaondoka Bukumbi katika mashua ya Stokes, mfanya biashara, akaenda kupigania kiti chake. Akakipata, akakipoteza, akakipata tena mwaka 1890. Baadaye alipigana na Waingereza, akashikwa, akafa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903.

Livinhac alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika lake lote. Kabla ya kuondoka, mwaka 1890, alimweka padre Hirth kuwa askofu mahali pake, na ibada hiyo ikafanywa palepale Kamoga. Kisha akasafiri kwenda Algeria, akaliongoza shirika hata alipokufa mwaka 1922.