GEORGE LILANGA: MLINZI WA USIKU ALIYEPAMBA GETI LA NYUMBA YA SANAA

Leo tuache kidogo ya Ligi Kuu, niwape stori ya mtu wa kusini huku huku, George Lilanga. Nimeuliza washkaji hapa Rahaleo, wengi hawamjui kabisa. Ila sanamu ya Askari pale Posta, Dar, wanaijua wote, na hiyo aliitengeneza Mwingereza, James Alexander Stevenson, mwaka 1927!

Lilanga alizaliwa 1934 kijiji cha Kikwetu, familia ya Kimakonde. Kuchonga alijifunza kienyeji: unaanza na muhogo maana ni laini, ukiharibu hakuna hasara, mpingo unakuja baadaye. Ufundi akaupata, wanunuzi hakuna. Watalii huku kusini enzi hizo walikuwa wa kuhesabu, na kinyago hakiliwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatimkia Dar. Ndugu yake, Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kituo alichokianzisha Sista Jean Pruitt mwaka 1972. Lilanga akapata kazi pale. Kazi gani? Ulinzi wa usiku! Fundi mzima analinda vinyago vya wenzake.

Lakini mikono haikutulia. Akaanza kutoa mashetani yake yale, masikio makubwa, matumbo mbele, yanacheka na kucheza kama yako ngomani. Akayachonga na kuyapaka rangi, akayachora kwenye ngozi ya mbuzi, akayaweka kwenye batiki. Mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, Marekani.

Jengo jipya la Nyumba ya Sanaa lilipofunguliwa 1983, mageti na vyuma vyake vilikuwa na mashetani ya Lilanga. Kwangu mimi hapo ndipo alipogusa kilele. Muuza maji, konda, bosi, kila aliyepita barabarani aliyaona bure.

Mwaka 2000 kisukari kikamshika vibaya, mpaka akakatwa miguu. Akaendelea kufanya kazi akiwa amekaa, vijana wakimsaidia. Alifariki Dar tarehe 27 Juni 2005.

Kinachoniuma ni hiki: jengo lile lilishavunjwa. Kazi zake nyingi ziko kwa matajiri wa Ulaya kama Jean Pigozzi, wakati kijana wa Mtwara anayetaka kuona Lilanga hajui aanzie wapi.

Mdau mwenye picha ya lile geti, tafadhali itundike hapa tuione.